Shajara ya kuimalizia filamu ya Japuonj

9 Septemba 2024, Nakuru

Leo nimekabidhiwa katoni. Ilikuwa juu ya kabati nyumbani kwa ndugu yake Japuonj, Section 58, imefungwa kwa kamba ya manila na kushika vumbi la miaka mitatu. Ndani nimekuta diski tano, daftari tatu za shule, bahasha ya kadi za memori, na karabai moja ya shaba, ile taa ya mafuta ya kupigwa pampu, isiyo na kioo. Karabai sikuitarajia.

Tulimwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, kwa sababu wengi wetu Kisumu tulishikia kamera mikononi mwake kabla ya kuingia chuo chochote. Mwaka 2014 nilimshikia kipaza sauti usiku wa siku mbili katika filamu hiihii, nikiwa ufuoni. Majini sikuenda, na nitaeleza sababu. Alifariki 2021 kabla ya kuimaliza.

Filamu ni ya wavuvi wa omena wa Uyoma, kaunti ya Siaya. Omena, ndio dagaa wa Ziwa Victoria, huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huelekeza taa majini, wadudu wanakuja, dagaa wanafuata, kisha wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, kwa hiyo mashua hupumzika. Japuonj alitaka kuonyesha mwaka mzima wa kazi hiyo kwa mwanga wa karabai.

Ndugu yake alinisindikiza hadi steji. "Dada, mimi nimekupa tu," akasema. "Mwenye neno ni shemeji."

12 Septemba, Kisumu

Sijafungua hata picha moja. Kwanza nakala: kila diski mara mbili, seti moja hapa kwangu Migosi, nyingine nyumbani kwa rafiki Milimani.

Diski ya nne inagonga. Tik, tik, tik, kisha kimya. Nimeichomoa papo hapo. Diski ikigonga hivyo, kichwa chake cha kusomea kinahangaika, na kila ukiiwasha tena kinaweza kuikwaruza sahani yenyewe. Inaenda Nairobi kwa fundi. Nimeifunga kwa leso yangu.

17 Septemba

Kwa Mama, mjane wa Japuonj, Nyamasaria. Amenipikia, hakuruhusu tuzungumze kazi kabla ya kula. Kisha akatoa faili la mirathi. Alikwisha kupitia yote: barua ya chifu, ombi mahakamani, tangazo katika gazeti rasmi la serikali na siku zake 30 za kungoja pingamizi, kisha miezi sita kabla ya hati kuthibitishwa. Katika orodha ya mali kuna shamba, pikipiki, akaunti ya benki. Filamu haimo. Hakuna aliyekumbuka kwamba zile diski ni mali.

Nami sikutaka kugusa kitu bila karatasi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua kama mwandishi wa filamu yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Japuonj aliigharamia mwenyewe, petroli kwa petroli, kwa hiyo ni yake, na baada yake ni ya mirathi yake. Kuna pia haki yake ya kutajwa jina na kazi yake kutopotoshwa. Haki hiyo haikuzikwa naye, inasimamiwa na waliobaki. Tumekubaliana na wakili aandike hivi: umiliki unabaki kwa familia, mimi napewa idhini ya kukamilisha, na Mama ataona kila toleo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wakati naondoka aliuliza, "Binti yangu, ndani yake anaongea?"

Nikamwambia anaongea sana.

26 Septemba

Saa 61 za picha katika diski nne. Nimeangalia saa tisa kwa siku, na macho yanauma.

Daftari la tatu ndilo ramani. Kuna orodha ya matukio 18. Kumi na moja yamewekewa alama ya vema kwa wino mwekundu. La 12 hadi la 17 ni usiku wa mwisho majini, mizani ya asubuhi, akina mama wanunuzi, na kikao cha wavuvi kuhusu kufunga msimu (omena hufungwa Aprili hadi Julai). La 18 lina maneno matatu tu: *Asubuhi. Taa. Usiseme.*

Nimekaa na maneno hayo jioni nzima. Matukio mengine ameyaandika kwa aya, mpaka lenzi ya kutumia.

3 Oktoba

Sauti. Kinasa sauti chake kilikuwa kinapoteza saa kila betri ikiisha, kwa hiyo mafaili zaidi ya 200 yote yana tarehe ya 1 Januari. Hakuna namna ya kuyaoanisha na picha ila kwa kusikiliza. Kilichotuokoa ni desturi yake: kabla ya kila mkupuo hupiga makofi mawili mbele ya kamera na kusema "Wadhi", yaani twende. Mhariri wangu anaitafuta "Wadhi" kwenye mawimbi ya sauti kama mtu anayetafuta uso wa ndugu stendi ya basi. Leo tumeoanisha 34.

Tatizo jingine: picha za hadi 2015 ni fremu 25 kwa sekunde, za 2016 kuendelea ni 30. Mahojiano aliyoyafanya ndani ya nyumba, chini ya taa ya umeme, yanapepesa, kwa sababu umeme wetu ni wa mizunguko 50 na kamera haikurekebishwa kuufuata. Tumejaribu kuusawazisha mpepeso huo na tumeupunguza, haukuisha. Utabaki hivyo.

11 Oktoba, Uyoma

Matatu hadi Ndori, kisha bodaboda. Nimekwenda kwa uongozi wa ufuo, nikiwa na tarakilishi yenye dakika 20 za picha zao.

Ufuo wa kwenye filamu haupo. Ziwa lilipanda, Mei 2020 likavunja rekodi iliyodumu tangu 1964, na mwaka huu wa 2024 likapanda tena. Mtini ambao wavuvi wanafuma nyavu chini yake katika tukio la 3 sasa ni gogo jeupe lililosimama majini, na mnandi amekaa juu yake. Banda la kupimia samaki limejengwa upya nyuma, mita nyingi kutoka pale.

Na karabai hazipo tena. Wanatumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mafuta ya taa yamepanda bei, na karabai ilihitaji kupigwa pampu, vioo vyake vilipasuka kwa tone la maji, na vile vifuko vya nyuzi vinavyowaka vilivunjika kwa kuguswa tu. Hakuna mvuvi aliyeniambia anazikumbuka kwa hamu.

Watu 14 wanaonekana waziwazi katika picha. Walimpa Japuonj ruhusa kwa mdomo, na walimpa yeye, si mimi. Nimeanza upya, nyumba kwa nyumba, na fomu ya Kiswahili na Kijaluo. Wawili wamefariki, nimezungumza na watoto wao. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka tisa, leo ni kijana mwenye ndevu, amesaini mwenyewe. Mmoja amekataa. Ameokoka, hataki aonekane akiwa amelewa. Ni tukio zuri mno, la dakika nne, na limetoka lote.

12 Oktoba

Kuhusu majini. Kuna mwiko wa zamani kwamba mwanamke hapandi mashua ya uvuvi. Siku hizi wapo wanawake wenye mashua zao, na wapo vijana wasioujali. Nahodha aliyemo kwenye filamu ni mzee wa mwiko. Alinieleza kwa upole, akiniita nyathina, mwanangu. Ningeweza kubishana au kutafuta mashua nyingine. Lakini filamu ni ya mashua hii. Mpigapicha wangu ataingia, mimi nitabaki ufuoni na kamera ya pili.

19 Oktoba

Kijana mmoja wa kompyuta, mwenye nia njema kabisa, ameniambia kuwa kwa saa chache za sauti safi programu inaweza kutengeneza sauti ya Japuonj ikasimulia matukio yaliyobaki. Yeye mwenyewe alisimulia matukio 11 ya kwanza, kwa Kiswahili chake kile kizito cha kando ya ziwa. Msimuliaji akibadilika katikati ya filamu, mtazamaji atashtuka.

Nimempigia Mama simu nikamweleza bila kuegemea upande. Alinyamaza kidogo. "Mume wangu alisema aliyoyasema," akajibu. "Mengine mseme nyinyi."

Tumelifunga hilo.

31 Oktoba, Uyoma

Giza la mwezi, usiku wa kwanza. Nahodha ana karabai mbili ghalani, na mpigapicha wangu alikuwa na shauku ya kuziazima na kurudia mwanga ule wa manjano ili matukio ya 12 na 13 yaungane na ya zamani bila mshono. Nilikubali tujaribu nchi kavu kwanza.

Kijana wa mashua alipewa karabai aiwashe. Ana miaka 20. Akapiga pampu kama anavyopiga pampu ya baiskeli, haraka na kwa nguvu, akaangalia kamera kama amefanya sawa. Katika picha za 2014 nahodha anaiwasha karabai hiyohiyo: spiriti kidogo kwenye kikombe, anangoja, anainamisha sikio, pampu taratibu, anangoja tena, na vidole vyake havipo mahali pasipotakiwa hata mara moja. Kijana huyu alikuwa anaigiza babu yake. Nikasema tuzizime.

Usiku wakaingia na taa zao za betri. Nilibaki ufuoni na kina mama wanaosubiri kununua, tumejifunika leso, upepo wa nchi kavu mgongoni. Kutoka pale taa za mashua zote zinajipanga kama mji mwingine ng'ambo, mji mweupe unaoyumba. Japuonj hakuwahi kuupiga picha, maana yeye alikuwa ndani ya mji huo.

Nimepiga picha za saa mbili na nusu.

1 Novemba

Mizani, alfajiri. Karai kwa karai. Matukio ya 14 na 15 yamekamilika.

9 Novemba

Diski ya nne imerudi. Fundi ameokoa takriban theluthi mbili. Tukio la 13, alilokuwa ameanza, limo: dakika sita, na picha inakatika katikati ya neno.

Nimekuwa nikifikiria Andrzej Munk, mkurugenzi wa Poland aliyefariki kwa ajali ya gari Septemba 1961 akiwa katikati ya filamu yake *Pasażerka*. Sehemu za kambi ya Auschwitz alikwisha kuzipiga. Zile za melini, za wakati wa sasa wa hadithi, hazikuwa tayari. Mwenzake Witold Lesiewicz aliikamilisha, ikatoka 1963, na hakupiga upya alichokosa. Melini aliweka picha mnato na sauti inayomweleza mtazamaji wazi kwamba mkurugenzi amekufa na kwamba hawatabuni alichokuwa akikusudia. Orson Welles naye aliacha filamu aliyoipiga kati ya 1970 na 1976, akafariki 1985, wengine wakaimaliza 2018 kwa kufuata maelezo yake na sehemu alizokwisha kuzihariri mwenyewe. Ni njia tofauti. Yangu inaelekea kwa Lesiewicz. Pale picha inapokatika katikati ya neno, itakatika. Skrini itabaki nyeusi sekunde nne, kisha itaingia taa nyeupe ya 2024.

Kwa hiyo mwanga haufichwi. Nusu ya kwanza manjano, nusu ya pili nyeupe. Mtaalamu wa rangi ameambiwa asiupashe moto, yaani asiutie manjano, hata kidogo.

4 Desemba

Kazi ya sauti. Kuhariri tu. Hakuna la kuandika.

20 Desemba

Toleo la kwanza, dakika 74. Mama amekuja Migosi na binti yake mkubwa. Alikaa wima muda wote na mkoba mapajani. Mume wake aliposema "Wadhi" ya kwanza alicheka kwa sauti.

Kwa tukio la 18 nilikuwa nimeandika usimulizi wa kurasa mbili na kuusoma mwenyewe. Niliufanyia kazi wiki tatu. Ulimtaja yeye, ziwa lililopanda, taa zilizobadilika. Uliposhika kasi Mama aliomba daftari. Akaweka kidole chini ya neno la tatu, *Usiseme*, akaniangalia.

Nilidhani alikuwa anajikumbusha kutoeleza. Binti akasema ndivyo baba alivyowaambia alfajiri akiwa anatoka na kamera na wao wameamka: usiseme, asishtuke mtu. Lolote kati ya hayo mawili, kurasa zangu zimetoka. Usiku nimezisoma mara moja zaidi. Ni maandishi ninayoyapenda. Si ya filamu hii.

8 Januari 2025

Nimempelekea nahodha matukio matano ayaone kwa ajili ya tafsiri ya Kijaluo. Macho yake siku hizi yana ukungu, kwa hiyo zaidi anasikiliza. Katika tukio la 5, mashua inaondoka, karabai nne zikiwaka, akaniinulia mkono.

"Mbona taa zimezimika?"

Nikamwambia zinawaka, zinaonekana.

"Hapana. Zimezimika."

Ilinichukua muda kuelewa. Karabai inavuma. Mafuta yakitoka kwa msukumo kwenye kifuko, kuna sauti, *shhhh* ndefu isiyokatika, na katika kila rekodi ya Japuonj ya usiku imo chini ya kila kitu, chini ya makasia na chini ya mazungumzo. Sisi Desemba tuliiona ni makelele. Tulichukua sampuli yake tukaiagiza programu iifute kila mahali, na tukajipongeza jinsi maneno yalivyosikika vizuri. Mtu aliyelala na sauti ile miaka 40 akasikia giza.

Nimempigia mhariri nikiwa bado kwenye bodaboda.

15 Januari

Uvumi wa karabai umerudishwa wote, kutoka mafaili asilia, kwa sababu hatukuwahi kuyagusa. Maneno yanasikika kwa shida kidogo mahali pawili, tumeongeza maandishi chini ya picha. Na sasa katika zile sekunde nne nyeusi za tukio la 13 tumeuacha uvumi uendelee, kisha unakatika, na taa nyeupe inaingia kimya. Taa za betri hazina sauti. Kwa mara ya kwanza yanasikika maji yanavyopiga ubavu wa mashua.

Nimeitazama mara nyingi leo kuliko ilivyohitajika.

30 Januari, Uyoma

Giza la mwezi jingine, la mwisho kwetu. Tukio la 18. Mashua zilirudi saa kumi na mbili na dakika chache, mbingu imeanza kuwa rangi ya maziwa. Nilikuwa ufuoni, magoti majini, kamera begani. Nilimwambia mtu wa sauti asiseme, nami sikusema.

Taa zilikuwa bado zinawaka ndani ya mashua ingawa palikwisha kupambazuka, na hazikuangaza kitu tena. Kijana yule wa karabai akazishika moja moja na kuzizima kwa kidole gumba, akazipanga kwenye kreti. Ya mwisho ilikuwa na dagaa mmoja amebandika kwenye kioo chake. Akambandua, akamrusha kwenye karai pamoja na wenzake, akazima.

Dakika mbili na sekunde kumi na moja, mkupuo mmoja.

12 Februari

Majina. Nilikuwa nimeandika jina lake, kisha *na*, kisha langu. Mama anataka: *Filamu ya* yeye, peke yake kwenye skrini. Kisha skrini nyingine: *Imekamilishwa na* mimi na wote tuliofanya kazi, kwa herufi zenye ukubwa mmoja. Ni sahihi zaidi kuliko nilivyoandika. Wavuvi wote 13 waliobaki katika filamu wanatajwa, na waliofariki hawakuwekewa alama yoyote. Ndugu zao waliomba hivyo.

Nakala imepelekwa kuainishwa na KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya, maana bila hiyo haionyeshwi hadharani.

14 Machi, Ijumaa, Uyoma

Tulichagua usiku wa mwezi mpevu kwa sababu ndio usiku wavuvi wanalala nyumbani. Mwezi ule ule ungeua picha kwenye kitambaa, kwa hiyo vijana walisimamisha milingoti na kufunga tanga kuukuu na maturubai mawili upande wa mashariki. Hata hivyo mwezi ulipopanda ukachungulia juu ya turubai na dakika kumi za katikati zilififia. Watu walisogea mbele, wakakaa mchangani karibu na kitambaa. Jenereta tuliipeleka mbali kadiri waya ulivyoruhusu.

"Wadhi" ya kwanza, watoto waliiitikia. Kuanzia hapo waliiitikia kila mara.

Kwenye zile sekunde nne nyeusi hakuna aliyesonya wala kuuliza kama mashine imeharibika. Uvumi ulipokatika nilimwangalia nahodha. Alikuwa ameinamisha sikio, kama mwaka 2014.

15 Machi

Nimemrudishia Mama diski zote na nakala mbili za filamu. Karabai amesema iende kwa nahodha. Nimempelekea asubuhi. Ameipapasa, akaitikisa, akapiga pampu mara tatu akisikiliza ngozi ya ndani. Inashika upepo. Kioo anacho cha akiba. Kifuko hana, na madukani Ndori hawauzi tena.

Kesho Jumapili nitapita soko la Kibuye, Kisumu. Vifuko viwili, kimoja cha akiba, na spiriti.